Kilio Kilicho Ndani ya Radi ya Manga

Kisii Mjini
2 Aprili 2025

Kwa Dada Drusilla,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Ni mimi Ongeri, yule wa gitaa. Nimekupigia simu mara sita ukakata mara sita, basi nimeona nishike kalamu, kitu ambacho sijafanya tangu nistaafu ualimu. Usiucheke mwandiko, mkono umezeeka.

Juni hii wimbo wetu "Radi ya Manga" unatimiza miaka arobaini. Mimi, wewe na Job mpiga ngoma, nani alidhani? Wakati ule watu wa kanisani walisema roki ni kelele za wavuta bangi, na leo hao hao wanaupiga kwenye harusi za watoto wao. Kamati imeandaa sherehe kubwa ukumbini hapa mjini, Jumapili tarehe 15 Juni, na watu wa redio watakuwepo.

Kila kitu kipo isipokuwa kilio. Unajua pale katikati, vyombo vinaponyamaza na wewe unalia zile sekunde kumi na nne, halafu ngoma ya Job inaanguka. Watu hungojea pale tu. Tumejaribu wasichana watatu. Wa kwanza alilia kama aliyekanyagwa kidole, wa pili alikuwa anaimba, wa tatu Job alimtazama tu akaweka vijiti chini. Akasema bila Drusilla yeye hapigi.

Njoo dada yangu. Nitatuma gari likuchukue hapo Ekerenyo. Jina lako tayari nimewaambia waliweke kwenye bango.

Wako,
Ongeri


Ekerenyo
11 Aprili 2025

Ongeri,

Barua imefika. Aliyeileta alinikuta nachuma chai, nikaitupa kikapuni, nikaisoma baada ya majani kupimwa. Sikuwa na haraka nayo.

Kwa hivyo umeweka jina langu kwenye bango kabla ya kuniuliza. Hujabadilika hata kidogo.

Simu zako nakata kwa makusudi na nitaendelea kukata. Maneno ya simu mtu huyasema asubuhi akayakana jioni. Mimi nataka karatasi. Na uandike kwa Kiswahili hiki hiki tulichofundishwa kuandikia barua, siyo kile Kiingereza chako cha redioni.

Sharti langu ni moja. Niandikie jinsi wimbo ulivyotengenezwa, kwa mkono wako mwenyewe, toka mwanzo mpaka kwenye kilio. Mwaka jana nilikuwa namenya ndizi nikakusikia redioni ukimwambia mtangazaji kwamba kilio kile ulinifundisha wewe, tukakifanyia mazoezi wiki nzima. Niliweka kisu chini. Nilikaa pale mpaka maji ya sufuria yakaisha.

Sikufichi, Ongeri. Nakuchukia. Sijawahi kuchoka kukuchukia, hata siku za ugonjwa. Usije ukafikiri tunaandikiana kama marafiki wa zamani.

Drusilla


Kisii Mjini
18 Aprili 2025

Dada Drusilla,

Maneno yako ni makali lakini nimeyapokea. Mtu akiwa jukwaani huongeza chumvi, na yale ya redioni naomba unisamehe. Haya, nakuandikia kama ulivyotaka.

Wimbo ulianzia kwa spika iliyopasuka. Unakumbuka ile amplifaya niliyonunua kwa Mhindi? Panya waliitafuna karatasi ya spika, na nilipopiga gitaa ikatoa mngurumo kama mawingu juu ya kilima cha Manga. Wengine wangeitupa. Mimi nikasema hiyo hiyo. Job naye alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha chai, akatuletea mdundo wa mashine ya kusaga majani. Alikuwa anaupiga kwenye meza ya hoteli hadi mwenye hoteli anatufukuza. Maneno niliandika mimi, ya mtu aliyeona radi ikipiga mti wa jirani akajua ya kwake iko njiani.

Katikati paliachwa wazi. Sikujua niweke nini. Nilitaka sauti ambayo mtu akiisikia anaacha anachofanya.

Tukaenda Nairobi tukapewa siku tatu studio, Jumatano hadi Ijumaa. Ijumaa jioni, kama unavyojua, habari za mama yako zikaingia tukiwa tunarekodi. Ningefanya nini? Nisingeweza kukuficha jambo kama hilo. Nikakwambia pale pale, na kanda kwa bahati ilikuwa inazunguka. Mungu ana njia zake. Mama yako Kwamboka yumo ndani ya wimbo huo milele.

Nadhani nimetimiza sharti. Nitume gari saa ngapi?

Wako,
Ongeri


Ekerenyo
26 Aprili 2025

Ongeri,

Mama yangu usimtaje kama mtu mliyekuwa naye bendini.

Umeandika ukurasa mzima juu ya panya na spika, halafu kwangu mistari mitano. Sasa acha mimi nikuandikie sehemu yangu, maana wewe hukuwepo, ulibaki Nairobi kusikiliza kanda.

Nilipanda basi usiku ule ule. Nilifika kwetu Nyamache Jumamosi asubuhi. Wewe ni mtu wa huku, hakuna haja nikufundishe: binti akifiwa na mama huanza kulia akiwa bado barabarani, ili nyumbani wamsikie anakuja, na wanawake watoke wampokee na kilio chao. Walikuwa wamenisubiri langoni. Nilifungua mdomo, Ongeri. Ulitoka upepo mtupu, kama pampu ya baiskeli. Sauti ilikuwa imekauka kabisa. Nilikuwa nimeimaliza studio kwako.

Niliingia uani kwa mama yangu kimya. Shangazi zangu walitazamana. Kaka yangu Zachariah akaja mbele akasema, "Tulikuandikia barua mama akiwa bado anazungumza. Alikuita siku tatu. Hukuja. Sasa umekuja na hata kulia huwezi." Nikamwandikia chini kwa kijiti kwamba sijaona barua. Akafuta kwa mguu.

Kabla ya mazishi neno lilikuwa limeshasemwa, omorogi. Mchawi. Kwani binti gani hamlilii mama yake, kama siyo yule aliyemla? Hawakuniruhusu nitupe udongo kaburini. Watu wa Itumbe waliokuwa wamenichumbia kwa ajili ya kijana wao walituma mjumbe kusema wameacha. Nikahamia huku Ekerenyo ambako hakuna anayejua kwetu, na hapa nimekaa. Kila harusi nasikia DJ anaweka kilio changu kwa mama na watu wanarusha mikono juu.

Zachariah aliapa kwamba barua alimpa Anyona, yule kondakta wa basi la Nairobi, mkononi. Mimi naapa sikuiona. Kwa miaka arobaini mmoja wetu ni mwongo, na Anyona ameshakufa. Umebaki wewe.

Nakuuliza maswali mawili. Barua ya Zachariah ilifika lini, na aliipokea nani?

Drusilla


Kisii Mjini
5 Mei 2025

Mpendwa Dada Drusilla,

Pole sana. Kweli pole. Hayo ya Nyamache sikuyajua, nilidhani uliacha muziki kwa sababu ya majonzi. Mke wangu Bathsheba nilipomsimulia alitoa machozi.

Lakini dada, tusifukue. Mimi nina miaka sitini na minane, sukari inanisumbua, na wewe pia si msichana. Miaka arobaini mtu hawezi kukumbuka kila karatasi iliyopita mkononi. Kama nilikukosea popote, kwa kujua au kutojua, nakuomba msamaha mbele za Mungu.

Nimekuwekea kiti cha mbele na nimekutumia bango uone. Jina lako lipo pale chini ya picha yangu.

Ongeri


Ekerenyo
9 Mei 2025

Ongeri,

Bango nimefunikia chakula cha kuku.

Lini, na nani. Bila hayo mwite yule aliyekanyagwa kidole.

Drusilla


Kisii Mjini
20 Mei 2025

Drusilla,

Sijalala vizuri wiki hii. Jana tulifanya mazoezi, tukafika pale katikati, Job akanyamaza, sote tukanyamaza, na hapakuwa na mtu wa kulia. Watu wa redio walikuwepo. Mmoja akauliza, "Sasa hapo ndipo nini hutokea?" Niliona aibu kubwa. Umenishika pabaya na unajua.

Basi. Nakuandikia wewe peke yako, na ukimaliza kusoma choma.

Anyona alileta barua Jumatano asubuhi, sisi ndio tunafungua vyombo. Ulikuwa umeenda kununua chai na mandazi. Akanipa mimi. Bahasha haikuwa imefungwa kwa gamu, nikaisoma. Ilisema mama amezidiwa, anakutaja, uje na basi la jioni. Nikaikunja nikaitia mfuko wa koti. Nilijiambia ni siku tatu tu. Nilijiambia akina mama huzidiwa na kupona. Studio ile tulikuwa tumeingojea miezi minane, Drusilla, na ungeondoka tusingepata nyingine.

Alhamisi ulikuwa unacheka na Job, ukasema ukirudi utampelekea mama yako kitambaa cha kichwa. Nilikusikia. Barua ilikuwa hapa kifuani.

Ijumaa saa kumi Anyona alipanda tena ngazi. Hakuingia, alinipungia mkono. Akaniambia mama amefariki asubuhi. Nilisimama kwenye ngazi nikafikiria ile sehemu iliyo wazi. Huo ndio ukweli, Mungu anisamehe. Sikumfikiria mama yako, nilifikiria wimbo. Nikarudi ndani nikamnong'oneza fundi awashe kanda na asizime lolote litakalotokea. Nikakwambia uvae zile spika za masikioni, ukae karibu na maikrofoni, tunajaribu sauti. Halafu nikakwambia masikioni kwamba mama amefariki.

Kilio cha kwanza kilikuwa kikubwa mno, mashine ikashindwa, fundi akatikisa kichwa. Wewe ulikuwa bado unalia. Nikasema hebu tena, nikalitaja jina la mama yako tena masikioni mwako. Cha pili ulipiga magoti ukatoka kwenye maikrofoni. Job alitaka kukutoa nje nikamzuia. Nikakuinua mwenyewe. Cha tatu ndicho kilichotoka kwenye sahani ya santuri.

Barua ya Zachariah niliichana Nairobi.

Sasa umeyapata. Sikuwahi kuyasema kwa mtu, hata kwa Bathsheba. Nimetimiza sharti lako, timiza langu. Njoo tarehe 15. Choma hii.

Ongeri


Ekerenyo
27 Mei 2025

Ndugu Ongeri,

Asante kwa barua yako nzuri yenye maelezo kamili. Mwandiko wako bado unasomeka vizuri sana.

Nitakuja. Gari lifike saa tatu asubuhi. Nitakuwa na mtu mmoja wa kwetu, mtafutie kiti karibu nami. Maikrofoni iwekwe mbele, siyo kando.

Msalimie mama Bathsheba na umwambie asikose.

Drusilla


Kisii Mjini
17 Juni 2025

Drusilla,

Sijui nikuite nani.

Uliahidi kulia. Nilikupokea mlangoni, nikakushika mkono mbele ya kamera, na wewe ukatabasamu. Yule mzee wa koti la kijivu sikumtambua. Ningejuaje ni Zachariah? Nilimwona mara moja akiwa kijana.

Ulikaa kimya nyimbo zote. Tukaingia "Radi ya Manga", ukumbi mzima umesimama, tukafika pale, tukanyamaza. Ukaenda kwenye maikrofoni. Watu elfu moja na simu juu. Ukatoa karatasi kwenye mkoba ukampa kaka yako, akavaa miwani. Mpaka akasema "Anyona alileta barua Jumatano asubuhi" nilikuwa bado nafikiri ni hotuba ya shukrani.

Ningeweza, ningezima mtambo. Nilimwashiria Job aanze ngoma, akakunja mikono. Kaka yako alisoma yote, Drusilla, bila kuruka neno, hata pale niliposema choma. Alipofika kwenye "hebu tena" sauti ikamkatika, akaanza ile sentensi upya. Mimi nilikuwa nimesimama pale na gitaa shingoni, spika inaunguruma. Hakuna aliyezomea. Afadhali wangezomea. Waliondoka safu kwa safu kama watu wanaotoka kanisani. Bathsheba alichukua mkoba wake akapita mbele yangu bila kunitazama, na hadi leo yuko kwa dada yake.

Wazee wa kanisa wameniita. Redio imefuta mahojiano. Jana dukani mwanamke ameniuliza, huku anapima sukari, kama mtu wangu akiugua nami nifichwe barua. Mbele ya watu.

Nilikuandikia wewe peke yako. Nilikuamini. Kama ulitaka nikiri, ningekuja kwenu nikakiri uani, na wazee, kwa heshima. Ulikuwa na haja gani kuniua hadharani? Na wimbo umeuua pamoja nami. Hata wewe ulikuwa ndani ya wimbo huo.

Umefurahi sasa?

Ongeri


Nyamache
6 Julai 2025

Ongeri,

Angalia juu ya barua uone inatoka wapi.

Ndiyo, nimefurahi. Umeuliza, nakujibu. Nilipoiona ile sura yako, gitaa linaning'inia, nilifurahi kuliko siku yoyote ya miaka hii arobaini. Usiniite mbaya, maana nilikwambia toka barua yangu ya kwanza kwamba nakuchukia na wewe ukaendelea kunitumia mabango. Unasema ungekuja kukiri uani kwa heshima. Miaka arobaini njia ya Nyamache ilikuwa wapi? Nilitaka uumie, na uumie mbele za watu, kwa sababu mimi niliumia mbele za watu.

Barua yako nilimpelekea Zachariah siku ile ile niliyoipata. Sikuwa nimekanyaga hapa tangu mazishi. Alinikuta nimesimama langoni, mkono juu ya mti wa lango, naogopa kuingia. Alisoma amesimama. Alipomaliza alikaa chini kwenye nyasi kama mtoto, mzee wa miaka sabini na mmoja, akasema, "Niliifuta kwa mguu." Hicho tu ndicho alichoweza kusema. Nikamwambia yule aliyestahili kufutwa bado yupo, na ana sherehe.

Sasa nikueleze kuhusu wimbo, kwa sababu unalia kwamba umekufa.

Zachariah ana binti anaitwa Sharon, kazi yake ni sauti, hurekebisha nyimbo za makwaya huko Nairobi. Alinifuata jikoni akaniuliza, shangazi, unaruhusu niuguse? Nikasema gusa. Akakaa na kompyuta yake siku mbili. Siku hizi wana njia ya kutenganisha vilivyochanganywa. Alitoa gitaa lako, ule mngurumo unaojisifia. Akatoa ngoma, na Job alijua, alipigiwa simu akasema toeni. Akatoa sauti yako yote, na maneno yako ya radi. Zikabaki sekunde kumi na nne, safi, bila mtu mwingine ndani.

Jumapili iliyopita ukoo wote uliitwa. Walikuja hata wale shangazi wawili waliobaki, mmoja kabebwa kwa kiti. Zachariah alisimama akasema kosa lake kwa kinywa chake. Kisha mimi nikatembea hadi barabarani, nikageuka, nikaanza kuja nyumbani kama binti anavyokuja. Sauti yangu ya sasa haifai, ni ya bibi. Sharon aliweka spika langoni. Nilipokanyaga uani akaiachia ile sauti, na Drusilla wa miaka ishirini na miwili akamlilia mama yake katika uwanja wa mama yake.

Wanawake walitoka. Yule shangazi wa kwenye kiti ndiye aliyeanza, akaidaka pale ilipoishia, na wengine wakaingia, wakanipokea mikononi kama ilivyotakiwa kuwa, wakanipeleka hadi kaburini, na Zachariah akanipa udongo. Nilitupa. Nililia mpaka jua likageuka, na kila mtu pale alijua ninamlilia nani na kwa nini.

Wewe hukuwemo, Ongeri. Hakuna aliyekutafuta.

Drusilla binti Kwamboka